Kimondo cha Habibu

Habibu alipofikia uamuzi kwamba kompyuta zote za Tunduma zinaendeshwa na wajinga, alimtangazia mdogo wake Raudha, kwa kuwa watu wengine wote walikuwa na shughuli. Raudha naye alikuwa na shughuli. Madereva watatu wa malori walikuwa wamejipanga mbele ya kaunta wakisubiri nakala za hati za mizigo, na foleni ya kuingia Zambia haimngoji mtu. Lakini katika nyumba ya marehemu mzee Bashiri, kaka mkubwa akianza kunena wadogo husikiliza, hata kama anachonena hakifiki bei ya karatasi moja.

"Hii Windows yenu ya kunakili," Habibu alisema, akiinyooshea kidole kompyuta ya duka, "ni nyumba ya kupanga. Hujui nani alilala humo kabla yako, hujui kaacha nini chini ya kitanda. Mimi najenga nyumba yangu. Tofali kwa tofali."

"Jenga kaka," Raudha akajibu, "ila usiniletee vumbi."

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2011. Hadi Septemba Habibu alikuwa bado anajenga, na mimba ya mwezi ule ingekuwa imekwishapewa jina. Alikuwa amesoma kwenye mtandao kwamba mtu anaweza kuunda mfumo wake mwenyewe wa Linux kuanzia mwanzo kabisa: achukue maandishi ghafi ya kila programu, ayageuze kuwa programu kwa mkono wake, moja juu ya nyingine, mpaka kompyuta isimame kwa miguu yake. Maelekezo yalikuwapo, marefu, yaliyoandikwa kwa subira na watu waliokwisha kufanya kazi hiyo. Habibu alisoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Ya katikati, alisema, yameandikwa kwa ajili ya watu wasio na akili.

Mashine yake ilikaa chumba cha nyuma cha duka, imeunganishwa na betri mbili kubwa za lori ili mgao wa umeme usiikatize. Ilivuma mchana kutwa, maandishi meupe yakipanda juu ya kioo cheusi kama siafu, na Habibu ameketi mbele yake, mikono kifuani, akiyatazama yanavyopita. Hakuyasoma. Hakuna binadamu angeweza kuyasoma kwa kasi ile. Aliyatazama tu, kama mwenye ng'ombe anavyotazama kundi likirudi zizini, na ukimwambia chai imepoa anakuinulia kiganja unyamaze.

Mfumo huo aliupa jina la Kimondo.

"Kama kile cha Ndolezi," alieleza. "Kilichotoka mbinguni."

"Kile kilianguka," Raudha akasema, "na tangu siku hiyo kimekaa palepale. Watu wanakuja, wanapiga picha, wanaondoka. Jina limekaa vizuri."

Raudha alikuwa na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu kutoka chuo kimoja cha Tabora. Alikuwa ametumia miaka miwili kujifunza kwamba kitu kisichoweza kupatikana kinapotakiwa ni takataka, hata kiwe kimefungwa kwa utepe wa dhahabu. Kwa macho hayo alikitazama Kimondo, na kila alipokitazama dharau ilimpanda kooni. Habibu alikuwa na tabia ya kupunguza. Kila jambo aliloona halimhusu yeye aliliondoa katika mfumo na kujisifu kwamba sasa umekuwa mwepesi. Aliondoa sauti. Aliondoa skana. Aliondoa printa, ndani ya duka la steshenari, akisema mtu wa kisasa hachapi karatasi, huku mtu huyohuyo wa kisasa akila ugali uliotokana na karatasi zilizochapwa.

Jambo moja tu Raudha aliwahi kulisifu, na hilo lilikuja kumkera baadaye kuliko yote. Asubuhi moja aliangalia kioo cha Kimondo, kikamwambia ni saa nane. Nje jua lilikuwa ndiyo kwanza linakausha umande.

"Nyumba umejenga mwenyewe," alisema, "halafu saa umeazima kwa Mzungu. Saa mbili asubuhi inasoma nane! Huoni haya?"

Habibu aliona haya. Wiki tatu hakuonekana barazani. Alipotoka, Kimondo kilikuwa kinasoma saa kama watu: alfajiri ikisha saa moja, jua la utosi saa sita. Tena siku yake ilianza magharibi inapoingia, usiku ukitangulia mchana wake, vile bibi yao wa Pangani alivyokuwa akihesabu. Juu ya kioo, kwa herufi kubwa, kilimwandikia: *Saa tatu na robo, Alhamisi.* Raudha aliisoma mara mbili. Alimwita hata jirani yao Ferista, mama wa Kinamwanga aliyeuza vitenge vya Zambia mlango wa pili, aje aone.

"Hili kaka umefanya," alikiri, na Habibu akatembea siku nzima kama aliyepewa ukuu wa wilaya.

Sasa, Raudha alitaka kuondoka Tunduma. Si kwa kuichukia. Alitaka shahada, na chuo kimoja cha Dodoma kilikuwa kimetangaza nafasi za kujiendeleza kwa wenye stashahada. Maombi yalipokelewa kwa mtandao peke yake, na mlango ungefungwa Ijumaa, saa kumi na mbili kamili jioni. Mwaka uliotangulia alikuwa ameukosa kwa sababu chuo cha Tabora kilichelewesha hati yake ya matokeo. Mwaka huu hati ilifika Jumatano kwa basi. Jioni ileile akaipitisha kwenye skana ya duka pamoja na vyeti vyake vingine, akavihifadhi kwenye kompyuta na kwenye flashi, akalala usingizi wa mtu aliyepanga mambo yake.

Alhamisi alibaki nyumbani kumuuguza mama, presha ilikuwa imempanda. Ijumaa asubuhi alipofungua duka, kompyuta ya kaunta ilimpokea kwa kioo cheusi na maandishi meupe: *Karibu Kimondo.*

"Nimekufanyia zawadi," Habibu alisema nyuma yake. Alikuwa anatabasamu. "Ulikuwa na virusi mia mbili na kumi humo, mdogo wangu. Nimefuta kila kitu."

"Vyeti vyangu."

"Vipo, vipo! Unanionaje? Nimevihamishia kwenye mashine yangu. Na flashi yako nimeisafisha pia, nimeipanga kwa mpango wa Kimondo. Virusi haviingii tena hata vikibeba shoka."

Raudha alichukua flashi, akaenda kwenye kafe ya mtandao karibu na stendi. Kompyuta ya kafe iliitazama flashi yake na kusema haiitambui, je, angependa ifutwe? Mwenye kafe hakuwa na skana. Raudha alirudi dukani kuchukua vyeti halisi ili avipeleke kwenye steshenari nyingine, na akiwa katikati ya barabara redio zote za mtaa zikanyamaza kwa pamoja. Umeme umekatika. Ilikuwa zamu ya Tunduma katika mgao, na zamu ilikuwa hadi saa mbili usiku.

Katika mji mzima, kompyuta aliyoijua inawaka na ina vyeti vyake ndani ilikuwa moja.

Habibu alikuwa amekwenda msikitini na neno la siri la modemu kichwani mwake. Aliporudi saa nane na nusu alimkuta mdogo wake amekaa kwenye kiti chake, chumba cha nyuma, mikono juu ya magoti.

"Kaka, fungua. Nitume."

"Ahaa!" Habibu akasema, uso ukimng'aa. "Leo Kimondo kina kazi."

Aliunganisha modemu. Tovuti ya chuo ikafunguka, polepole, bila picha, kwa kuwa picha nazo Habibu alikuwa ameziondoa. Raudha aliandika jina lake na neno lake la siri. *Karibu, Raudha Bashiri.* Alibonyeza palipoandikwa ambatisha vyeti. Ukurasa ukapepesa, ukamrudisha mlangoni: andika jina lako na neno lako la siri.

Aliandika. *Karibu, Raudha Bashiri.* Akabonyeza. Mlangoni tena.

Mara ya tano Habibu alimsogeza kwa bega. Mara ya tisa alitoa hukumu. "Tovuti yao mbovu. Imejengwa na wajinga."

"Watu elfu wametuma kwa tovuti hiyohiyo."

"Elfu wajinga. Subiri, nitaijenga upya programu ya kufungulia kurasa. Lisaa limoja."

"Kaka, leo si siku ya kujenga."

Alijenga. Siafu weupe wakaanza kupanda kioo. Lisaa likawa lisaa na nusu, na Raudha alisimama mlangoni mwa duka, kwa kuwa angebaki ndani angesema neno ambalo mama yao angelisikia hadi kitandani. Habibu alipomaliza aliita kwa sauti ya ushindi. Raudha akaandika jina, akakaribishwa, akabonyeza, akarudishwa mlangoni.

Wakati huo Ferista aliingia amebeba kiti chake cha plastiki. Biashara ilikuwa imelala bila umeme, naye hakuwa mtu wa kukosa tamasha.

"Injinia," alimsalimu Habibu, "bado unapika tu? Mawe hayo."

"Mama Ferista, kuna mambo hayaelezeki kwa kila mtu."

"Kweli baba. Raudha mwanangu, saa ngapi hapo? Simu yangu imevuka mpaka tena. Inakamata mtandao wa Zambia, saa inarudi nyuma yenyewe, na mimi nimekaa hapa hapa! Jumatatu nimekwenda kwenye kikoba najiona nimewahi, nakuta wanakunja mikeka. Wananiambia muda umekwisha. Muda umekwisha kwa saa ya nani? Kwa yao! Kwangu mimi ulikuwa bado mbichi."

Raudha alikuwa amegeukia kioo. Kila aliporudishwa mlangoni, chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na mstari mdogo wa Kiingereza ambao Habibu alikuwa akiupuuza tangu mchana, na yeye aliuona mara zote bila kuutilia maanani. Ulisema muda wake umekwisha, aingie tena.

Umekwishaje, na ameingia sasa hivi? Kwa saa ya nani?

"Kaka," alisema taratibu. "Ile saa ya Kimondo. Uliibandika juu tu, au uliisogeza saa yenyewe ya mashine?"

"Niliisogeza yenyewe." Habibu alijitutumua. "Kuibandika juu juu ni unafiki. Saa sita mbele, ndani kabisa, kwenye moyo."

"Kwa hiyo mashine hii inaamini sasa hivi ni karibu usiku wa manane wa Kizungu."

"Inaamini ni karibu magharibi. Na ndivyo ilivyo."

"Tovuti ikinipokea inanipa kibali," Raudha alisema, na alikuwa anamwelezea Ferista, maana kwa Habibu alikwisha kukata tamaa. "Kama karatasi ya getini. Kimeandikwa: mwisho nusu saa kutoka sasa. Mashine ya huyu inakitazama kibali, inatazama saa yake iliyoruka saa sita mbele, inasema, aa, hiki kilikwisha zamani. Inakitupa. Nikifika mlango wa pili sina karatasi."

"Yaani inachana tiketi yako yenyewe," Ferista akasema, "halafu inakuuliza tiketi iko wapi."

"Ndiyo."

"Sasa miezi yote hii hakuona?"

Swali hilo lilimgeukia Habibu. Alitazama ukutani. Ilikuja kujulikana kwamba tangu aisogeze saa hakuwa ameingia kwenye tovuti yoyote inayotaka jina na neno la siri. Barua pepe zake, bwana mjenzi wa nyumba yake mwenyewe, alizisomea kwenye simu, chooni.

Raudha hakucheka. Alikuwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa sababu katika takataka zote za kaka yake, iliyomziba njia ilikuwa ile moja aliyoipigia makofi.

"Saa kumi na moja na dakika kumi," alisema. "Irudishe nyuma."

"Nitaitengeneza kwa njia sahihi. Natakiwa kujenga upya sehemu mbili tu. Masaa manne—"

"Irudishe sasa hivi. Amri moja."

"Huelewi!" Habibu alisimama. "Nikiirudisha nyuma, mafaili yangu yote niliyojenga leo yatakuwa yana saa ambayo bado haijafika. Mfumo utayaona yameumbwa usiku huu unaokuja. Utakataa kujijenga, utachanganyikiwa. Miezi tisa, Raudha! Miezi tisa unataka niitupe kwa sababu ya fomu!"

Sauti yake ilikuwa imekatika kidogo mwishoni, na kwa muda mfupi Raudha alimwonea huruma. Kisha mafunzo ya Tabora yakafanya kazi yake. Tarehe za mafaili ndizo zilizokuwa lugha yake.

"Uliyojenga leo," alisema. "Ya jana je?"

"Ya jana… hayo hayana shida."

"Na ya leo yako mbele kwa saa ngapi?"

Habibu alianza kuhesabu kwa vidole.

"Saa sita. Kesho ukiamka yatakuwa yamekwishapitwa, yote yatakuwa ya zamani, na mfumo hautajua kitu. Unacholilia, kaka, ni kidonda kitakachopona ukilala."

Ferista alipiga kofi moja kwenye paja lake.

"Ni kanuni," Habibu alisema. Shingo ilikuwa imemvimba. "Nimeamua saa ya mashine yangu iwe ya Kiswahili. Siwezi kuinama kila chuo kikipiga mluzi. Sitaiandika amri hiyo kwa mkono wangu, na neno la siri la mkuu wa mfumo ninalo mimi. Basi."

Akaketi. Alikunja mikono kifuani, vilevile alivyokuwa akitazama siafu zake. Kaka mkubwa alikuwa amenena.

Chuo cha Tabora kilikuwa na maabara ya kompyuta ishirini, zote kuukuu, zote zimekufa kile kibetri kidogo cha ndani kinachotunza saa. Kila asubuhi zilipowashwa ziliamini ni mwaka 2000. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya somo, wanafunzi walibonyeza kitufe kimoja kabla mfumo haujaamka, wakaingia kwenye kioo cha buluu kilicho chini ya mifumo yote, wakapanga tarehe na saa kwa mkono. Huko chini hakuna mkuu wa mfumo, na hakuna anayekuuliza wewe ni nani.

Raudha aliinama chini ya meza. Akashika koleo nyekundu iliyong'ata betri ya lori, akaibana, akaing'oa.

Kioo kikafa. Feni ikashusha pumzi. Habibu alitoa sauti ambayo mtu hutoa akikanyagwa kidole kisicho na kucha.

"Umeizima bila kuiaga! Disi— diski itaharibika! Raudha!"

"Shikamoo kaka," Raudha alisema, akiirudisha koleo mahali pake, na akabonyeza kitufe.

Buluu. Vidole vyake vilikumbuka. Kumi na saba, ishirini na nne, saa ya Kizungu. Hifadhi. Toka.

Kimondo kiliamka kwa manung'uniko. Kilisema hakikuzimwa vizuri, kikaanza kuikagua diski nzima, namba zikipanda, asilimia nne, tisa, kumi na moja. Habibu alikuwa amesimama na mkono kichwani. Ferista alikuwa amekivuta kiti chake karibu. Kwenye asilimia sitini namba zilisimama, na Raudha akafikiri, nimeua, nimeua vyeti vyangu kwa mkono wangu. Kisha sitini na moja.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi na tisa kilipofunguka. Modemu ilichukua dakika tatu, Habibu mwenyewe akitaja neno lake la siri baada ya kutazamwa na wanawake wawili kwa wakati mmoja. Jina. Neno la siri. *Karibu, Raudha Bashiri.* Raudha alibonyeza ambatisha vyeti.

Ukurasa wa vyeti ukafunguka.

Aliambatisha kimoja baada ya kingine, akijaza mistari kwa kasi ya mtu aliyechapa hati za mizigo miaka miwili. Shule, mwaka, daraja. Jina la mlezi. Kazi ya mlezi. Alibonyeza tuma, na duara dogo likazunguka muda mrefu hadi Ferista akaanza kuomba kwa Kinamwanga.

*Maombi yako yamepokelewa.* Na namba ya tarakimu tisa.

Kuchapa hakukuwezekana, hilo lilijulikana. Raudha aliandika namba kwa kalamu nyuma ya nakala mbovu ya hati ya mizigo, akaiandika tena kwenye simu yake, akamsomea Ferista naye aiandike kwenye yake.

Habibu alikuwa amesogea. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia, na pamoja na rangi kifua. "Basi Kimondo kimeweza," alisema. "Mnaona? Katika mji mzima, leo, ni Kimondo peke yake."

Aliinama kusoma fomu iliyokuwa bado wazi kioo kizima, mdomo ukitembea. Akafika kwenye jina la mlezi, akatabasamu, kwa kuwa lilikuwa lake. Akashuka mstari mmoja. Tabasamu likasita.

"Raudha."

"Abee kaka."

"Hapa kwenye kazi ya mlezi. Umeandika muuza daftari."

"Si unauza daftari?"

"Ungeandika… mhandisi wa mifumo. Hata fundi kompyuta. Watu wa chuo watasoma hii! Watu wenye elimu!" Ile koleo ya betri haikuwa imemuuma namna hii. "Fungua, rekebisha. Ni neno moja tu."

Raudha alitazama saa ya simu yake. Zilikuwa zimebaki dakika nne.

"Dirisha limekwisha kufungwa, kaka," alisema, na akachomoa modemu.